Gereji ya Nyumbani: Anza na Sakafu, Usianze na Spana

Jumapili moja ya mwezi wa Januari, yapata saa nne asubuhi, nilikuwa nimelala chini ya gari langu katika ua wa nyumba tunayopanga hapa Chumbageni. Gari lilikuwa limeinuliwa kwa jeki moja. Jeki ilikaa juu ya kipande cha ubao, na ubao ulikaa juu ya mchanga. Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa amechuchumaa kando yangu akinipa spana kila nilipozitaja kwa namba zake. Mama watoto akaita kutoka ndani kwamba chai inapoa. Nikajibu kwamba naja, nikaendelea na kazi. Akaita mara ya pili, kwa sauti ile ambayo kila mume huifahamu, nami nikajikokota nikatoka, nikanawa mikono na kuketi. Mtoto alinifuata mbio kwa sababu ya maandazi.

Kabla sijamaliza kikombe tukasikia kishindo. Ubao ulikuwa umezama upande mmoja, jeki imelala chali, na gari limejikita mchangani mahali pale pale palipokuwa na kifua changu.

Mama watoto hakugomba, na afadhali angegomba. Alilitazama gari, akamtazama mtoto, kisha akaweka sharti moja tu: gari hilo halitainuliwa tena katika ua ule mpaka patengenezwe mahali pa kuliinulia. Sharti hilo ndilo lililozaa makala haya. Naamini kwamba wako wafanyakazi wengi wenye gari moja la zamani, kisanduku cha spana, na Jumapili moja ya mapumziko, ambao wanafanya vile vile nilivyokuwa nikifanya mimi, na ambao hawajaitwa kunywa chai kwa wakati.

Tanga ni mji wa baiskeli, na sifa hiyo tunaitunza. Hata hivyo, pita katika mitaa ya Chumbageni asubuhi ya mapumziko, hasa kwenye nyumba za zamani zenye ua mpana na miti, utaona boneti zimefunguliwa na watu watatu au wanne wameinamia injini moja. Mmoja ndiye mwenye gari na waliobaki ni washauri. Wengi wa watu hawa si mafundi kwa kazi. Ni makarani, walimu, wafanyakazi wa bandarini na mashinani, na wastaafu. Wanachokitafuta mle ndani ya injini si akiba ya fedha peke yake. Wanalipenda gari, wanapenda kujua kinacholisukuma, na wanapenda kulisikia likinguruma baada ya kunyamaza mwezi mzima.

Mapenzi haya yana historia katika nchi yetu. Wazee hutusimulia jinsi hali ilivyokuwa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakati fedha za kigeni zilipoadimika na vipuri havikuonekana madukani. Gari lililokosa gasketi lilichongewa gasketi ya karatasi ngumu, na breki zilifufuliwa kwa namna ambazo sitazieleza hapa, asije mtu akaziiga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa marufuku kwa gari la binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, kwa ajili ya kuokoa mafuta. Mwenye gari alibaki nalo nyumbani jioni nzima, akilitazama nalo likimtazama, na si ajabu mkono wake ukaenda kwenye boneti. Milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984, na baadaye magari yaliyotumika ya Japani yalipoanza kuingia kwa wingi, vipuri vilirudi, lakini mazoea ya kujitengenezea yalikwisha kuota mizizi.

Wapenzi wa mbio za magari nao wana mfano wao. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 ushindi ulichukuliwa na Joginder Singh wa Kenya, fundi wa magari, akiwa pamoja na ndugu yake Jaswant, katika Volvo PV544 ambayo ilikwisha kutumika mashindanoni kabla yao. Singh alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Vijana wanaoinamia injini za Corolla hapa mtaani huenda hawalijui jina lake, lakini ugonjwa ni ule ule.

Basi, baada ya mkasa wangu, nilikwenda kumwona mzee mmoja jirani yetu, fundi mstaafu ambaye alifanya kazi miaka mingi katika karakana ya shamba la mkonge. Nilimpa shikamoo, nikamweleza nia yangu ya kuwa na gereji ndogo nyumbani. Akaniuliza nimekwisha nunua nini. Nikamtajia kwa fahari kidogo: seti ya soketi, spana, bisibisi, nyundo, bomba la grisi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na sakafu, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Akasema nimenunua kijiko kabla ya chungu.

Ndiyo sababu nami naanza na sakafu, msomaji, na nakuomba uniwie radhi nikikaa hapo kwa muda mrefu.

Gari dogo la abiria lina uzito wa kilo 1,000 hadi 1,200. Unapoliinua pembe moja, sehemu ya uzito huo hubebwa na kitako cha jeki kisichozidi ukubwa wa kiganja cha mkono. Mchanga wetu wa pwani hauwezi kuubeba. Huonekana umetulia mpaka gari litikisike kidogo, na gari hutikisika kila unapokaza nati iliyoshika kutu. Ubao husaidia, lakini ubao juu ya mchanga huzama upande mmoja, na mimi nimekwisha kuwa shahidi.

Sakafu ya zege iliyo kamili kwa gari moja yapasa iwe na upana wa meta 3.6 na urefu wa meta 6 hivi, ili uweze kuzunguka gari na kufungua milango yake bila kujipenyeza kama mjusi. Unene wake usipungue sentimeta 12. Kwanza ondoa udongo laini, jaza mawe na kifusi, ushindilie kwa nguvu, kisha tandaza karatasi nene ya nailoni ili unyevu usipande. Mchanganyiko unaofaa ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Kwa vipimo hivyo utahitaji mifuko kama 17 ya saruji ya kilo 50. Inamishe sakafu kidogo kuelekea mlangoni, sentimeta 6 kwa meta zote 6, ili maji yatoke lakini gari lisitake kuondoka lenyewe.

Mchanga usiuchote ufukweni, hata ukipewa bure na mwenye mkokoteni akaapa kwamba umeoshwa na mvua. Chumvi iliyomo huvuta unyevu daima na huila nondo iliyo ndani ya zege. Nunua mchanga wa mtoni. Tena, zege likishamwagwa, lisiachwe likauke kwa jua kali. Hapa Tanga tumebahatika kuwa na magunia ya katani. Yatandaze juu yake, uyaloweshe asubuhi na jioni kwa muda wa siku saba. Zege huhesabiwa kuwa limefikia nguvu yake baada ya siku 28, na kabla ya hapo gari lisiinuliwe juu yake.

Najua msomaji amekwisha piga hesabu ya mifuko 17 na kuguna. Mimi pia niliguna. Mzee akanionyesha njia ya mtu wa mshahara: badala ya sakafu nzima, mwaga njia mbili tu, moja kwa kila upande wa magurudumu, kila njia ikiwa na upana wa sentimeta 80, urefu wa meta 4.5, na unene wa sentimeta 15. Kazi hiyo humalizwa kwa mifuko 7. Katikati jaza changarawe, na utakapolala chini tandika mkeka mkuukuu. Upungufu wake ni kwamba jeki itakaa ubavuni mwa gari tu, wala huwezi kuliinua kutokea katikati mbele. Upungufu huo unavumilika. Kama umepanga, kama mimi, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kuchimba. Wangu alikubali mara moja, akijua kwamba siku nitakapohama sitaondoka na zege begani.

Baada ya sakafu, fedha ya pili ni ya stendi, nayo itoke kabla ya spana yoyote. Jeki kazi yake ni kuinua, basi. Jeki ya mafuta huweza kuvuja polepole huku wewe ukipiga mluzi chini ya gari. Stendi za chuma ndizo za kushikilia, na kwa gari dogo jozi moja ya kubeba tani 2 au 3 hutosha kuanzia. Usitumie tofali la saruji. Tofali hubeba vizuri mpaka dakika linapopasuka, nalo hupasuka bila kuaga. Mwenye kukosa stendi afadhali atumie vipande vinene vya mbao ngumu vilivyopangwa msalaba kwa msalaba.

Magurudumu yanayobaki chini yawekewe kabari mbele na nyuma. Gurudumu la akiba, au lile ulilolifungua, lisukume chini ya ubavu wa gari. Kama mengine yote yakishindwa, litakuachia nafasi ya kupumua. Kisha, kabla hujaingia chini, lisukume gari kwa mikono miwili kwa nguvu zako zote. Kama litaanguka, na lianguke hapo.

Sasa nifike kwenye shimo. Kila mpenzi wa magari anayefikiria gereji huota shimo la kusimamia, kama alivyoliona katika karakana kubwa. Nami niliota hivyo, nikachora mpaka ngazi zake. Ushauri wangu ni kwamba shimo lisichimbwe nyumbani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kama maji na kutulia mahali pa chini kabisa, yaani ndani ya shimo, ukingoja cheche ya nyundo. Moshi wa injini nao huweza kujikusanya humo. Katika sehemu zetu hizi za pwani, wakati wa masika shimo hugeuka kisima. Na katika ua wenye watoto wanaocheza gizani umeme unapokatika, sihitaji kuongeza neno.

Juu ya paa nitasema machache. Makuti yana ubaridi mzuri lakini ni kuni tupu. Yasiezekwe juu ya petroli. Mabati ya kawaida huliwa na hewa ya bahari, basi yapakwe rangi pande zote mbili, au mwenye uwezo anunue ya alumini. Wako wanaosema mti watosha. Mwembe hudondosha utomvu na embe, na popo huongeza mchango wao usiku. Ama mnazi, yeyote anayelaza gari chini ya mnazi atakuwa ameamua mwenyewe.

Uelekeo wa banda ni jambo ambalo watu hawalifikirii. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki. Pepo zote mbili, basi, hubeba chumvi ya bahari kutoka upande wa mashariki. Ukiweza, ziba upande huo kwa ukuta na uache uwazi upande wa magharibi. Jua la alasiri litakuchoma, nakubali, lakini jua halili chuma. Usizibe banda pande zote. Weka matofali ya matundu karibu na sakafu na karibu na paa ili hewa ipite, kwa sababu ya mvuke niliokwisha kuutaja na kwa sababu ya jambo jingine lililo baya zaidi: moshi wa injini una hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua mtu akidhani amepatwa na usingizi tu. Injini isiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa dakika mbili za kusikiliza mlio, hata kama nje kunanyesha.

Hatimaye, spana. Hapa ndipo wapenzi wa magari hupotelea, kwa kuwa duka la vifaa vya ufundi ni kwa mwanamume kama duka la kanga lilivyo kwa wengine. Usinunue seti kubwa inayong'aa yenye vipande mia. Vingi humo hutavigusa. Magari mengi ya Japani hufunguliwa kwa spana za milimeta 8, 10, 12, 14, 17 na 19, na nati za magurudumu ya Toyota huchukua 21. Nunua hizo, zenye mdomo wazi upande mmoja na duara upande wa pili, za chuma kizuri, moja moja kama mshahara unavyoruhusu. Kisha soketi za namba hizo hizo na mkono wake. Mwenye Land Rover la zamani atafute spana za inchi, wala asilazimishe za milimeta, ataviringisha pembe za nati na kujuta. Ongeza bisibisi nne, plaiya, nyundo moja nzito na moja nyepesi, tupa, msumeno wa chuma, tindo, spana ya plagi, na kipimo cha upepo wa tairi. Iko pia ile spana inayopanuka na kupungua ili iingie kila nati, ambayo mafundi wameipa jina lisiloweza kuandikwa katika ukurasa wa familia. Inafaa kwa dharura. Mwenye kuitegemea kila siku hana nati nzima garini mwake.

Meza ya kazi itengenezwe ya mbao nzito, kimo cha kiuno, na jiliwa lililofungwa kwenye mguu wa meza, si katikati.

Adui wa vifaa hivi vyote ni chumvi. Ubao ukutani wenye spana zilizopangwa kwa ukubwa hupendeza machoni, lakini hapa kwetu ndani ya mwezi mmoja utakuwa maonyesho ya kutu. Kila jioni ya kazi, pangusa kila kifaa kwa kitambaa chenye oili kidogo, ukiweke katika sanduku la mbao lenye kifuniko. Vipande vichache vya chaki ya ubaoni ndani ya sanduku huvuta unyevu. Hivyo vifuko vidogo vya punje vinavyokuja na viatu vipya vyafaa pia, bali viwe mbali na watoto. Gari lenyewe nalo lioshwe kwa maji baridi chini ya tumbo, si ubavuni tu kwa ajili ya kutazamwa, hasa likitoka ufukweni Raskazone na familia. Wapo wanaolipaka oili chafu chini. Oili hiyo huzuia kutu, ni kweli, lakini huvimbisha mipira na ikifika kwenye breki huleta maafa. Mimi siipaki.

Nikiwa bado kwenye oili chafu, injini ndogo ya silinda nne hutoa lita tatu na nusu hadi nne kila inapobadilishwa oili. Nyingi humwagwa mtaroni, na mitaro yetu huishia katika ghuba. Bahari hii ya Tanga ina samaki aitwaye silikanti, ambaye wataalamu wa dunia waliwahi kudhani kwamba alitoweka mamilioni ya miaka iliyopita. Mwaka 2009 ilianzishwa hifadhi ya bahari ya Tanga kwa ajili yake. Lakini hata bila silikanti, kuna dagaa wa chakula chetu cha jioni. Weka oili chafu katika dumu lenye kifuniko, ulipeleke kwenye karakana inayoikusanya. Usiimwage karibu na kisima, wala usiwashie moto jikoni.

Jambo ambalo nalisema kwa akina mama pamoja na akina baba: petroli, maji ya betri, oili ya breki na maji ya rejeta visiwekwe hata siku moja ndani ya chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi, na baadhi ya maji ya rejeta yana utamu. Viwe katika vyombo vyake vya asili, juu, ndani ya kabati yenye kufuli. Ikitokea mtoto amekunywa petroli au mafuta ya taa, msimtapishe na msimnyweshe maziwa kwa nguvu; mafuta yakipanda yakaingia mapafuni hatari huzidi. Mkimbizeni hospitali pamoja na chombo alichokinywea.

Jiko la mkaa na betri inayochajiwa visikae banda moja, kwani betri hutoa hewa inayolipuka. Moto wa petroli hauzimwi kwa maji, maji huutandaza. Weka ndoo mbili za mchanga mkavu na mtungi wa unga wa kuzimia moto, vyote karibu na mlango, si nyuma kabisa ambako utalazimika kuupita moto ili uvifikie. Namba ya Zimamoto ni 114, nayo iandikwe ukutani kwa herufi ambazo mtoto anaweza kuzisoma. Umeme ufungwe na fundi wa umeme, uwe na waya wa ardhini, na soketi ziwe juu ya kimo cha meta moja. Taa ya kuangazia chini ya gari iwe ya kuchaji, si balbu ya waya iliyoning'inizwa juu ya tangi.

Wako majirani pia. Nyundo haipigwi wakati wa adhana wala baada ya saa nne usiku, na kamba ya nguo iliyokuwapo uani kabla ya gari ina haki ya mzaliwa. Kama unajenga banda la kudumu, omba kibali cha ujenzi katika Halmashauri ya Jiji. Na siku utakapoanza kupokea ujira kwa kutengeneza magari ya wengine, fahamu kwamba umekwisha toka katika mapenzi na kuingia katika biashara, yenye leseni na kodi zake. Vinginevyo utakuwa umefungua gereji bubu katikati ya makazi ya watu, na majirani watakuwa na haki ya kulalamika. Kuhusu kuazimisha spana, nunua daftari. Namba 10 na namba 12 hazirudi bila daftari.

Mwenye kutaka kujifunza zaidi asione haya kwenda kuulizia masomo ya ufundi wa magari katika chuo cha VETA hapa Tanga. Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari, na hainisaidii kitu ninapoondoa ngoma ya breki.

Zege letu tulilimwaga mwezi wa Februari, njia mbili, mifuko saba, mimi na mzee na vijana wawili wa mtaani. Kuku wa jirani alipita juu yake jioni ile ile, na nyayo zake ziko hapo hadi leo. Mwanangu alihesabu siku 28 kwa kuchora alama ukutani kwa chaki niliyoitoa katika sanduku la spana. Siku ya 29 ilikuwa Jumapili. Niliweka kabari, nikainua gari, nikaweka stendi mbili, nikasukuma gurudumu la akiba chini ya ubavu. Mama watoto akatoka, akaegemea boneti kwa mikono yote miwili, akalisukuma gari kwa nguvu mara tatu. Halikucheza. Akarudi ndani, akisema kwamba chai ikiwa tayari ataita mara moja tu.